Ukingo wa Dari na Kinara cha Hekalu

Mada iliyotolewa Maneromango kwa viongozi wa walei, wajumbe wa Haki na Amani na vijana waendesha bodaboda



Ndugu wapendwa, viongozi wa vigango, wenyeviti wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, akina mama wa WAWATA, vijana wa VIWAWA, wazee wetu, nanyi vijana wa bodaboda mliokubali kuegesha pikipiki zenu mkapoteza abiria wa asubuhi ili tuzungumze: karibuni. Tunawakaribisha kwa namna ya pekee ndugu zetu Waislamu na Walutheri waliofika. Barabara haiulizi mtu dini yake, na msiba ukitokea hapa kwetu huwa ni wa wote.

UTANGULIZI: SWALI LA MZEE

Katika kikao kilichopita, kamati ya Haki na Amani ilipendekeza kwamba sehemu ya mchango wetu wa Kwaresima itumike kununua helmeti, mbili kwa kila kijana wa vituo vyetu vya bodaboda: moja ya dereva na moja ya abiria. Wengi walipiga makofi. Ndipo mzee mmoja aliposimama akasema neno ambalo hatukulitarajia. Alisema kwamba tukiwapa vijana hawa kofia ngumu watazidi kukimbia, kwa kuwa mtu akijiona amekingwa hujisahau. Baadhi yetu tulinung'unika, tukadhani ni ubahili. Baadaye tukakumbuka kwamba mzee huyo amemzika mjukuu wake, na kwamba kijana yule siku ya ajali alikuwa amevaa helmeti.

Kikao kiliahirishwa pasipo uamuzi, nasi tukaombwa kuandaa mada hii. Tunakiri kwamba mwanzoni tulitaka kumjibu mzee kwa maneno mawili. Kadiri tulivyosoma na kutafakari, ndivyo tulivyoona kwamba swali lake ni zito, na kwamba limewashughulisha wataalamu wa nchi kubwa kwa miaka mingi. Je, kifaa cha usalama humfanya mtu awe salama, au humfanya awe jasiri tu? Tutalijibu kwa njia tuliyoizoea katika jumuiya zetu: kuona, kuamua na kutenda.

I. KUONA

Hali ya kwetu

Hakuna miongoni mwetu asiyejua bodaboda ni nini katika maisha yetu. Mgonjwa wa Marui, mama mjamzito wa Chole, mwanafunzi wa Msanga, gunia la mkaa na gunia la mihogo, vyote hupita juu ya magurudumu mawili. Tangu kanuni za mwaka 2010 zilipotambua rasmi pikipiki na bajaji kuwa vyombo vya kubeba abiria kwa leseni, vijana wengi wamepata kazi ya halali na vijiji vingi vimepata usafiri ambao basi lisingeweza kuwapa. Padre naye, akiitwa usiku kumpaka mgonjwa mafuta, huitikia kwa pikipiki. Hivyo basi hatukuja hapa kulaani bodaboda. Anayeilaani bodaboda na jioni akaipanda kurudi nyumbani hajajitazama vizuri.

Lakini tumeona pia jambo jingine, nalo linaanza kumpa mzee haki yake. Wakati wa masika, udongo unapoteleza kama sabuni, vijana huenda taratibu, miguu ikiwa imening'inizwa pembeni tayari kukanyaga chini. Huanguka, naam, lakini mara nyingi huinuka wakajifuta tope. Mvua ikikatika, greda likapita na kusawazisha mashimo, sote hushukuru. Ndipo mwendo unapobadilika. Pale ambapo dereva alikuwa akipita kwa tahadhari, sasa hupita kama mshale, na vumbi lake humfumba macho anayemfuata. Barabara imekuwa bora, lakini ubora wake tumeutumia wote kwenye mwendo.

Nasi tusijitoe. Mwaka mmoja pikipiki yetu ilikuwa na tairi la nyuma lililokuwa kipara kabisa, na kwa miezi kadhaa tuliendesha kwa hofu na adabu. Tulipofunga tairi jipya lenye meno, tulifika kigangoni mapema kuliko ilivyokuwa desturi, tukajisifu kwa waamini. Hatukujiuliza dakika zile tulizipata wapi. Tulizinunua kwa usalama wa lile tairi. Tulikuwa tumepewa kinga, nasi tukaiuza siku ile ile.

Wengine wamepima nini

Mwaka 1975 mchumi wa Marekani, Sam Peltzman, alichapisha andiko lililowaudhi watu wengi. Serikali ya nchi yake ilikuwa imelazimisha magari mapya yawe na mikanda na vifaa vingine vya usalama. Peltzman alidai kwamba madereva waliokingwa hivyo walizidisha ujasiri, hata faida waliyoipata wao ikaliwa na hasara iliyowapata wengine, hasa waendao kwa miguu. Wataalamu wengi waliomfuata walipinga ukubwa wa dai lake, wakaonyesha kwamba mkanda umeokoa maisha mengi. Lakini swali alilolianzisha halikufa.

Huko Munich, Ujerumani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, watafiti walifuatilia teksi za kampuni moja. Baadhi zilifungwa breki mpya za ABS, yaani breki zinazozuia gurudumu lisijifunge na kuteleza dereva anapokanyaga kwa nguvu. Nyingine zilibaki na breki za kawaida. Madereva walikuwa wa aina moja na mji ulikuwa ule ule. Matokeo yaliwashangaza: idadi ya ajali ilikaribiana mno kati ya makundi mawili. Wenye breki bora walikuwa wakikata kona kwa ukali zaidi na kukaribia zaidi gari la mbele. Taarifa za uchunguzi huo zinaeleza pia kwamba baadaye, kampuni ilipowafanya madereva wabebe sehemu ya gharama ya uharibifu na kuwaonya kwamba mwenye ajali nyingi ataondolewa, ajali zilipungua. Jambo hili tutalirudia.

Kama mambo yangeishia hapo, tungemwambia mzee: umeshinda, fedha zibaki katika mfuko. Lakini hayaishii hapo.

Nchini Vietnam, taifa ambalo pikipiki zimejaa kuliko kwetu, sheria ya kuwalazimisha madereva na abiria wote wavae helmeti katika barabara zote ilianza kutumika tarehe 15 Desemba 2007. Katika muda mfupi wavaaji walipita asilimia 90. Katika miezi iliyofuata majeraha ya kichwa yatokanayo na ajali za barabarani yalipungua kwa takribani asilimia 16, na vifo kwa takribani asilimia 18. Aidha, mwaka 2008 mtandao wa watafiti uitwao Cochrane ulichapisha mapitio ya tafiti nyingi za nchi mbalimbali. Ulikuta kwamba miongoni mwa waliopata ajali ya pikipiki, helmeti ilipunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kama helmeti ingewafanya watu wakimbie kiasi cha kufuta faida yake, Vietnam isingezika watu wachache kuliko kabla.

Hata zile breki za ABS, zilipowekwa katika pikipiki, zimeonyesha faida iliyo wazi kuliko katika teksi za Munich. Sababu yake si ngumu. Gari likiteleza hubaki limesimama juu ya magurudumu manne. Pikipiki ikifunga gurudumu humlaza mtu chini. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya uliamuru tangu mwaka 2016 kwamba aina mpya za pikipiki zenye ujazo unaozidi 125 ziwe na breki hizo, na India ikafuata kwa sheria yake. Pikipiki nyingi tunazopanda hapa hazina breki hizo, na breki za kawaida zilizopo mara nyingi zimeisha.

Vifaa vya namna mbili

Tunaweza sasa kutenganisha mambo. Vipo vifaa ambavyo dereva huvihisi mikononi mwake kila dakika: tairi jipya, breki kali, taa yenye mwanga mwingi, barabara iliyosawazishwa. Hivi humnong'oneza kwamba anaweza kuongeza mwendo kidogo, naye huongeza. Vipo pia vifaa ambavyo havifanyi kazi yoyote mpaka siku ya kuanguka. Helmeti ni mojawapo. Haimsaidii mtu kukata kona wala kusimama upesi. Anayeivaa huhisi joto na jasho tu. Kwa sababu hiyo si rahisi kuigeuza kuwa mwendo.

Lakini si kwamba haiwezekani kabisa, nasi hatuna budi kusema ukweli juu ya mpaka wa kofia hiyo. Kwa miaka mingi kanuni namba 22 ya Umoja wa Mataifa, inayotumika kupima helmeti, imekuwa ikiipigiza kofia kwenye chuma kwa mwendo wa mita 7.5 kwa sekunde, yaani kilomita 27 kwa saa. Sasa fikirini mnazi. Mtu anayegonga ukuta au lori lililosimama kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa hupata kishindo sawa na cha mtu aliyeanguka kutoka urefu wa karibu mita 10. Hakuna mkwezi anayeachia mikono juu ya mnazi kwa kuwa amevaa kofia. Tena, kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, katika sekunde moja ya kushtuka kabla breki haijashikwa, pikipiki imekwisha kwenda zaidi ya mita 8. Kwa kilomita 60 ni karibu mita 17. Na breki ikishashikwa, umbali wa kusimama hauongezeki mara mbili, huongezeka mara nne. Mjukuu wa mzee wetu hakusalitiwa na helmeti. Aliidai kazi ambayo haikuundwa kuifanya.

Kinachosukuma mwendo

Hata hivyo, ndugu wapendwa, tukiishia kwenye kofia na breki tutakuwa hatujaona bado. Tazameni barabarani. Je, vijana wasiovaa helmeti wanakwenda polepole? La hasha. Mwenye kofia anakimbia na asiye na kofia anakimbia. Basi kofia siyo chanzo cha kukimbia. Chanzo kiko mahali pengine, na vijana waliomo humu ndani wanakijua kwa jina: kinaitwa hesabu.

Kijana mwingi haendeshi pikipiki yake. Anaendesha ya tajiri wake. Kila jioni sharti apeleke kiasi walichokubaliana, mvua inyeshe isinyeshe, abiria wapatikane wasipatikane. Mwingine ni deiwaka, aliyeazimwa pikipiki kwa siku moja, na siku hiyo asipoikamua hatapewa tena. Aliye katika mkataba anajua kwamba akikosa siku kadhaa atanyang'anywa chombo ambacho amekwisha kukilipia kwa miezi. Mafuta ni yake. Pancha mara nyingi ni yake. Ikifika saa kumi jioni na hesabu haijatimia, hapo hakuna mahubiri yatakayopunguza mwendo.

Ndiyo maana tunasema: usalama ukiongezeka, tuulize nani anaula. Barabara ikisawazishwa na safari ya nusu saa ikawa ya dakika 20, zile dakika 10 hazibaki kwa kijana kama pumziko, wala kwa abiria kama amani. Zinaingia katika hesabu. Kijana hupiga safari moja zaidi, na baada ya muda ile safari ya ziada huwa desturi, na kiwango cha hesabu hupanda kuifuata. Wataalamu wa Ulaya waliona dereva anayegeuza usalama kuwa mwendo. Sisi huku tunamwona dereva anayegeuzwa. Hapa ndipo jambo hili linapokoma kuwa la vifaa tu na kuwa la haki.

II. KUAMUA

Maandiko Matakatifu yana picha mbili zinazofaa kuwekwa mbele yetu leo.

Picha ya kwanza imo katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, aya ya 8. Mungu anamwagiza mtu anayejenga nyumba mpya azungushe ukingo kwenye dari yake, maana nyumba za Wayahudi zilikuwa na dari bapa ambapo watu walikaa na kulala. Akiacha, mtu akaanguka, damu ya huyo itakuwa juu ya nyumba. Tunajifunza nini? Kwanza, kwamba kinga ni amri ya Mungu. Mungu hakusema kwamba ukingo utawafanya wageni wazembe wacheze ukingoni. Alisema ujengwe. Pili, na hili tulisome polepole, amri haikupewa mgeni anayepanda darini. Ilipewa mwenye nyumba. Mwenye mali ndiye anayedaiwa damu ya yule aanguke kwa kukosa kinga.

Picha ya pili imo katika Injili ya Luka, sura ya 4. Ibilisi anamsimamisha Bwana wetu juu ya kinara cha hekalu na kumwambia ajitupe chini, kwa kuwa malaika wameahidiwa kumlinda. Angalieni ujanja wake. Ahadi ya ulinzi ilikuwa ya kweli. Imeandikwa katika Zaburi. Ibilisi hakuzusha kinga ya uongo. Aliichukua kinga ya kweli akaifanya sababu ya kujitupa. Yesu alikataa, akasema kwamba kufanya hivyo ni kumjaribu Mungu. Huu ndio ugonjwa ambao mzee wetu aliuona, na Injili imeutaja kabla ya wachumi wote. Asiyejenga ukingo anamwua jirani yake. Anayejitupa kwa kuwa kuna malaika anamjaribu Mungu. Mkristo hutii picha zote mbili: hujenga ukingo, na hajitupi.

Kanisa limefundisha hivyo waziwazi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya mwaka 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, namba 30, uliwalaumu wanaodharau kanuni za maisha ya jamii, ukazitaja kwa mfano zile za afya na zile za mwendo wa magari. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, inafundisha kwamba ni hatia kubwa kuhatarisha usalama wako na wa wengine barabarani, baharini au angani kwa ulevi au kwa kupenda mno mwendo wa kasi. Mwaka 2007 Baraza la Kipapa lililowahudumia wahamiaji na wasafiri lilitoa mwongozo wa uchungaji barabarani, likaweka humo amri kumi za dereva. Ya kwanza kati yake ni ile ile ya Musa inayokataza kuua.

Kwa mwanga huu tupime semi mbili tulizozoea. Tunasema kwamba ajali haina kinga. Usemi huu hufariji msibani, lakini ukitumika kabla ya msiba ni uvivu, kwa kuwa ajali nyingi zina kinga na kinga hiyo tunaijua. Tunasema pia kwamba ni mapenzi ya Mungu. Tuwe waangalifu, ndugu wapendwa. Tairi kipara, breki iliyokwisha, abiria watatu juu ya kiti kimoja, hayo ni mapenzi yetu sisi. Tusimbebeshe Mungu.

Kwa hiyo uamuzi wetu juu ya swali la mzee ni huu. Mzee amesema kweli kwamba kinga inaweza kuuzwa kwa mwendo. Lakini haifuati kwamba tuwanyime vijana kinga ili hofu iwalinde. Hofu ni mlinzi anayesinzia. Mwaka 1967 Sweden ilihamisha magari yote kutoka upande wa kushoto wa barabara kwenda wa kulia kwa siku moja, tarehe 3 Septemba. Watu waliogopa, wakaendesha kwa tahadhari kubwa, na ajali zikapungua. Walipozoea, zikarudi kama awali. Hofu huisha kwa mazoea. Isitoshe, hatuna haki ya kuacha fuvu la kijana wazi ili liwe fundisho kwake. Helmeti zinunuliwe. Ila zisinunuliwe peke yake.

III. KUTENDA

Tunapendekeza mambo matano yaende pamoja na fedha zile.

Kwanza, kofia iwe kofia kweli. Helmeti isiyofungwa mkanda kidevuni huruka kabla ya kichwa kufika chini. Helmeti iliyokwisha kupigwa katika ajali ibadilishwe, hata kama kwa nje haina ufa, kwa sababu ile tabaka ngumu ya ndani hufanya kazi yake kwa kubonyea, na ikishabonyea hairudi. Tunajua pia kwa nini abiria wanaikataa ya kwao: inanuka jasho, inaharibu nywele, inaogopwa kwa magonjwa. Hizo ni sababu za kweli, tusizicheke. Akina mama wa WAWATA wanaweza kushona vitambaa vyepesi vya kuvaa ndani yake, kila abiria akawa na chake. Gharama yake ni ndogo kuliko jeneza.

Pili, wenye pikipiki wajenge ukingo wao. Hapa tunasema na baadhi yetu tuliomo humu: walimu, wafanyabiashara, hata wajumbe wa kamati, tuliowapa vijana pikipiki kwa hesabu. Hatusemi kwamba ni dhambi kupata kipato kwa chombo chako. Tunasema kwamba breki na tairi ni mali yako, basi na damu inayotokana na breki na tairi itaulizwa kwako. Tunaomba kila mwenye pikipiki aliye muumini wetu aandike mkataba na kijana wake. Hesabu iwe ya siku sita, siku ya saba ya kupumzika isidaiwe. Matengenezo ya breki, tairi na taa yawe juu ya mwenye mali. Siku ya mvua kubwa au ya ugonjwa isigeuke deni. Tukumbuke teksi za Munich: ajali zilipungua pale wajibu ulipowekwa mahali panapoonekana. Lakini pale aliwajibishwa dereva aliyeajiriwa. Kwetu kijana amekwisha kubeba mzigo wote, na kilichosalia ni tajiri abebe sehemu yake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tuupime mabegani mwetu kidogo.

Tatu, abiria afungue kinywa. Nchini Kenya, watafiti James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown walibandika ndani ya matatu vijikaratasi vinavyowahimiza abiria wamkemee dereva anayeendesha hovyo. Magari ya kubandikwa yalichaguliwa kwa kura ili kulinganisha kwa haki. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2015, magari yaliyobandikwa yalikuwa na madai ya bima pungufu kwa kati ya robo na theluthi. Wala halikuwa kifaa cha ajabu. Ilikuwa ni karatasi iliyomkumbusha abiria kwamba ana ulimi. Tulinganishe na vidhibiti mwendo vilivyolazimishwa katika matatu hizo hizo mwaka 2004: vilianza vizuri, lakini usimamizi ulipolegea vingi vikachezewa. Chuma huchezewa kwa bisibisi. Sauti ya mama aliyekaa nyuma akisema, "Mwanangu, punguza mwendo au nishushe," haina pa kufunguliwa. Nasi tuache kumwambia kijana, "Nikimbize, nimechelewa," kisha tukamlaumu msibani.

Nne, tukomeshe mishikaki, na hasa ya watoto. Mzazi anayewapandisha watoto watatu nyuma ya dereva mmoja ili alipe nauli moja asitafute mkosaji mahali pengine. Wazazi wa jumuiya moja wanaweza kupanga zamu na kulipa safari mbili kwa pamoja.

Tano, tupime wenyewe. Tumetaja Munich, Vietnam na Kenya, lakini hatuna daftari la Maneromango. Tunapendekeza kwamba kuanzia siku helmeti zitakapogawiwa, kwa mwaka mzima, iandikwe kila ajali ya pikipiki tutakayoisikia katika eneo letu: siku, saa, mahali, hali ya njia, kama helmeti ilivaliwa na kufungwa, kama ilikuwa jioni ya kutafuta hesabu. Majina yasiandikwe, wala daftari lisitumike kumshitaki mtu. Mwisho wa mwaka tulisome mbele ya wote, pamoja na jirani zetu wa msikitini na wa kanisa la Kilutheri, na pamoja na askari wa usalama barabarani. Likionyesha kwamba vijana wetu wameuza kofia kwa mwendo, tutakiri. Tunaomba mtunza daftari awe yule mzee aliyeuliza swali. Hakuna atakayeliandika kwa uaminifu kuliko yeye.

HITIMISHO

Ndugu wapendwa, helmeti haiwezi kumfanya mtu awe mwangalifu. Hiyo siyo kazi yake. Kazi yake ni kungojea siku ambayo uangalifu utashindwa, wa dereva au wa mwingine, na siku hiyo kuacha mlango wa uzima wazi kidogo. Uangalifu wenyewe hutoka katika dhamiri ya dereva, katika ulimi wa abiria, na katika mkataba wa mwenye chombo. Vijana wetu wa bodaboda, ninyi si wahalifu mnaosomewa mashtaka leo. Ninyi ni watoto wa nyumba hii, na tumeona kwamba dari tuliyowapandisha haina ukingo. Tuujenge pamoja, nanyi msijitupe.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Je, ni lini kinga au nafuu uliyopewa uliigeuza kuwa haraka? Eleza mfano mmoja wa maisha yako.

2. Katika jumuiya yetu, nani wana pikipiki walizowapa vijana kwa hesabu? Je, wako tayari kuandika mkataba wenye siku ya mapumziko?

3. Mara ya mwisho ulipopanda bodaboda iliyokimbia, ulisema nini? Kama ulinyamaza, ni nini kilikufunga kinywa?

4. Tunaposema msibani kwamba ajali haina kinga, tunamfariji mfiwa au tunajifariji sisi?

5. Someni Kumbukumbu la Torati 22:8 na Luka 4:9–12. Katika shughuli zenu nyingine, kama vile visima, mashine za kusaga na mashamba, ni wapi ukingo haujajengwa?